Vidonge vya Wake Wenza

Watu wa kijijini kwetu Busi wanadhani wake wenza kazi yao ni kugombana. Na kweli tunagombana, mimi na Mwanahawa. Jana tu nimemsema kwa kuunguza maharage. Lakini mume wetu Ibrahimu, Mungu amrehemu, alituzoesha haki. Akinunua nyama anaipima kwa mizani, nusu kwangu, nusu kwa mwenzangu. Alipofariki tukahamia nyumba moja, na mtindo ukabaki ule ule.

Kifua kikuu nacho kilitukumba wote wawili. Dozi tulimaliza, tukapona, ila mapafu yakabaki mabovu. Mimi nakohoa tu. Mwanahawa akipanda kilima anakaa chini njiani, anahema, hata kusema hawezi. Nikimwona hivyo roho inaniuma.

Ndipo akaja Sabiha, mtafiti kutoka chuo kikuu kule Chimwaga, binti mpole, shikamoo zake hazina haraka. Alisema wanajaribu dawa inayotokana na kitu kimoja kinachojenga protini mwilini, waone kama inasaidia mapafu yaliyoumizwa na kifua kikuu. Nusu ya wagonjwa wangepewa dawa, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na hata yeye hajui nani kapata nini. Tukakubali, kila mtu akapewa kopo lake.

Kufungua langu, lo! Harufu ya yai viza! La Mwanahawa halinuki chochote. Hapo hapo nikaelewa: dawa nimepata mimi, yeye kapewa vitupu. Nikavimwaga vidonge vyote kwenye ungo, nikagawa: vinavyonuka nusu kwake nusu kwangu, na visivyonuka vivyo hivyo. Kizuri kula na nduguyo, ama sivyo?

Sabiha aliporudi kutukagua, akafungua kopo la Mwanahawa, akanusa. Akafungua langu. Akaketi.

"Mama Mwanaidi, mmechanganya?"

"Tumegawana," nikasema. "Ulitaka nimeze peke yangu, mwenzangu ananitazama?"

Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Akaeleza polepole kwamba kwa kugawana hivyo, hakuna kati yetu aliyepata kipimo kamili. "Na bado hatujui kama dawa yenyewe inasaidia, mama. Mkichanganya, hatutajua."

Akatoka nje kumpigia simu mkubwa wake, akarudi na jibu: tupewe makopo mapya kama yale ya kwanza, kila mtu ameze lake, au wote tutoke kwenye utafiti.

"Basi langu mpe yeye," nikasema. "Hali yake mbaya kuliko yangu."

"Haiwezekani, mama."

"Alaa! Basi tunatoka! Beba vidonge vyako uende!"

Nikainuka. Mwanahawa akanishika khanga, akanivuta nikae. Akafungua kopo langu jipya, harufu ikajaa chumba, akaniwekea kidonge kiganjani na kikombe cha maji mkono wa pili.

"Meza, dada."

"Na wewe je?"

"Nitameza changu."

"Chako si kitu, Mwanahawa! Unajua kabisa!"

"Najua." Akapumzika kidogo, pumzi imemwishia. "Lakini tukidhoofika wote wawili, nani atanibeba? Meza. Nakutegemea wewe."

Nikameza. Machozi yakanitoka, na wala si kwa ile harufu. Sabiha akageuza uso ukutani. Mwanahawa akameza chake, kile kisichonuka, akanywa maji yaliyobaki kwenye kikombe changu, kisha akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake.