Kichaka Kimoja, Mlima Mzima

Mama wa kitalu alikuwa anajaza udongo kwenye viriba vya miche wakati wifi yake alipofika akivuta mbuzi kwa kamba, uso umemshuka.

"Wifi, huyu kala jani la kichaka chako cha langoni. Nisamehe."

Mama wa kitalu akatazama vichaka vya bondeni, kisha vya mlimani. Kila kimoja kilikuwa kimepungukiwa jani lile lile, na alama za meno zilionekana.

"Keshakula mlima mzima huyo. Mpe maji, atakuwa na kiu."

"Na bado ananitazama kama niliyemnyima chakula."

Zamani kila upande ulikuwa na kichaka chake. Cha gengeni kilikuwa kifupi, hakikujali baridi. Cha kwenye mawe kilikuwa kichungu, wadudu wakakikimbia. Bwana misitu akapenda kimoja tu, chenye maua mengi. Vingine viling'olewa kama magugu, na vipandikizi vya hicho kimoja vikajaza mlima.

Mvua zilipokatika na baridi kali ikaingia, doa jeusi likaingia kwenye jani moja, yaani kwenye yote. Watu hawakukaa bure. Mwashi alimwagilia kichaka cha mlangoni kwake, na udongo ukalowa hadi kileleni. Mwalimu alikivisha cha shuleni koti lake, akarudi nyumbani akitetemeka. Vichaka vyote vikapata joto. Majani yakazidi kupukutika, na udongo wa mlima ukaanza kuteremkia nyumba.

Mama wa kitalu akapanda gengeni kutafuta walau mzizi wa kile kifupi. Alipekua nyufa mpaka kucha zikachanika, akashuka mikono mitupu.

Bwana misitu alimsubiri langoni. Alimsogezea kigoda kwanza.

"Pole, mama. Hapa pana tawi bado bichi. Likate, tuanze upya."

"Lakini ni kile kile, bwana."

"Ndicho chenye maua."

Mama wa kitalu akakata. Mlima mzima, tawi lile likaanguka.

Jioni majirani wakaja mmoja mmoja, kila mtu na tawi aliloliokota, amelifunga kitambaa kibichi lisinyauke njiani. Akawashukuru wote, akayapanda yote. Alipokuwa anashindilia udongo wa la mwisho, doa jeusi likatokea kwenye yote kwa pamoja.