Gauni Lisilo Gazetini

Wateja walimbandika jina la Mama Pindo kwa sababu mapindo yake hayakuwahi kufumuka, hata nguo yenyewe ikichakaa ikawa tambara la kudekia. Alikuwa fundi cherehani wa kuaminika, lakini jambo moja lilimkaa rohoni: miaka yote hiyo hakuwahi kushona nguo aliyoibuni mwenyewe. Mteja huja na picha kwenye simu, akasema, "Nishonee kama hii," naye hushona kama ile. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nguo zake zilisitiri vizuri tu. Cha kuazima kilikuwa ubunifu, na hilo lilimuuma.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mdogo wake alimjia na gundi, kadibodi na rundo la magazeti ya zamani. Huyu alikuwa mwalimu wa chekechea, na akishika jambo hashikiki. Alieleza kwamba mtu mwenye akili zake anaanza mwaka na ubao wa ndoto: unakata picha za kazi unazotaka mikono yako izifanye, unazibandika, kisha unatundika ubao mahali utakapouona kila siku, mpaka ndoto ikukere uitimize. Wake ulikuwa tayari. Ulikuwa na gitaa, kitabu cha hadithi za watoto na, kwa sababu anazozijua yeye mwenyewe, farasi.

Mama Pindo alikaa naye shingo upande. Alikata gauni moja, akalitazama, akaliweka chini. Akakata la pili, nalo likafuata njia ileile. Magauni yalikuwa mazuri, lakini kila moja lilikuwa na mwenyewe. Mdogo wake alipochoka kumtazama akamuuliza anatafuta nini.

"Gauni langu," alisema Mama Pindo. "Halimo humu."

"Kama halimo, dada, si ulichore?"

Basi akachukua penseli, akachora gauni ambalo alikuwa ameshalishona kichwani mara nyingi huku mikono yake ikipachika zipu za watu. Lilikuwa refu, lenye shingo ya mraba, mikono mipana ya kuning'inia, na ukanda wa rangi nyingine ulioanzia begani ukazunguka mpaka mgongoni. Akalibandika katikati ya kadibodi. Hakuongeza kitu kingine, ingawa mdogo wake alimbembeleza achukue walau ua.

Kosa lilikuwa kwenye kuutundika. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na ukuta mmoja uliojaa picha za mitindo, wateja wachague wenyewe, na msumari mtupu ulikuwa hapo tu. Akautundika ubao hapo bila kufikiri. Fundi yeyote angemwambia kwamba ukishatundika kitu kwenye ukuta ule, umekitangaza.

Mwaka mpya haujapata hata joto, akaja mkunga. Mama huyu alikuwa amewapokea watoto wa nusu ya mtaa, wawili wa Mama Pindo wakiwemo, na sasa alikuwa anastaafu. Wanawe walimnunulia kitambaa kizito cha buluu cha kuvaa siku ya kuagwa, na hakikuwa na akiba hata ya kiganja. Alizipita picha zote, akaweka kidole kwenye mchoro.

Mama Pindo alijieleza mpaka jasho likamtoka. Ule haukuwa mtindo, ilikuwa ndoto yake tu, hajawahi kuishona, hajui hata kama inashoneka. Mkunga alimsikiliza kwa upole hadi mwisho, kama alivyozoea kuwasikiliza waliokuwa wakilia kwamba hawawezi.

"Mwanangu," alisema, "nimekaa na wanawake wengi. Sijaona kilichokomaa kikakubali kubaki ndani. Nipime."

Akampima. Kisha kitambaa kikalala mezani, naye kila siku akawa anakipiga pasi na kukikunja tena. Alikuwa na hofu, hilo tusimfichie. Akishona cha picha, lawama ni ya picha. Gauni likimkataa mtu, atasema ndivyo lilivyo. Hili angejificha nyuma ya nani? Akiliharibu, angemharibia mkunga siku yake, na yeye asingethubutu tena kuchora hata mfuko. Mdogo wake hakumhurumia. Alimkumbusha kwamba maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, akamwekea mkasi mkononi, akaondoka.

Alikata. Mwili wa gauni ulikubali, na ukanda ukalala vizuri. Mikono ndiyo iliyomtesa. Kwenye karatasi ilipendeza, lakini alipoishikiza kwa pini na kujijaribishia mwenyewe, hakuweza kuinua mkono juu ya bega. Kwenye karatasi hakuna anayeinua mkono. Akaifumua yote, akaipunguza upana, kipande alichokipunguza akakiongeza chini ya kwapa, akashona upya.

Siku ya kujaribu, mkunga alisimama mbele ya kioo akajikagua mbele na nyuma.

"Mikono si kama ya kwenye picha," alisema hatimaye.

Katika chumba kile, maneno hayo yalikuwa sheria. Fundi akiyasikia huchukua wembe, huomba radhi, hufumua. Vidole vya Mama Pindo vilikuwa vimeshaugusa wembe. Kisha akauacha pale ulipokuwa.

"Si kama ya kwenye picha," alikubali. "Picha ilikosea. Hebu inua mikono, mama."

Mkunga akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akageuka huku na huku, na gauni likamfuata bila kumvuta popote. Akacheka, akamkumbatia fundi wake na pini zake zote. Mama Pindo alilia kwa furaha na hakujisumbua kufuta machozi.

Mdogo wake alipopita jioni alimkuta amepanda kigoda, ana kifutio mkononi, anaifuta ile mikono mipana kwenye mchoro na kuichora upya kama ya gauni. Akalalamika kwamba ubao wa ndoto haufutwi mpaka mwaka uishe.

"Nimezifuata picha maisha yangu yote," alisema Mama Pindo, bila kugeuka. "Hii na yenyewe inifuate."