Mikanda ya Zizi la Ngeleja

Pikipiki ilikuja moja kwa moja hadi mlangoni mwa zizi, na aliyeshuka hatukumfahamu. Alimsalimu baba "mwangaluka", salamu ya asubuhi, ilhali jua lilikuwa limeshapinduka.

"Mzee Ngeleja, mimi ni Lusajo, natokea Bariadi mjini."

"Jina langu kakupa nani?"

"Limo kwenye simu, mzee."

Baba akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwingiza humo.

Lusajo alitoa mikanda, kila mmoja na kifaa kidogo. Ng'ombe akiuvaa mmoja shingoni, mwenye simu anaona alipo, popote aswagwapo. Bure kabisa. Nilifurahi. Maksai wetu walipoibwa, baba alifuata nyayo hadi Lingeka, akarudi na miguu iliyovimba na kamba tupu mkononi.

"Tena natafuta wakala hapa Zagayu," Lusajo akaniambia. "Mwenye shahada. Nimesikia ni wewe tu, Elina."

Tangu nihitimu nilikuwa napalilia pamba nikisubiri maneno kama hayo.

"Anayeona hao ng'ombe ni nani?" baba akauliza.

"Wanachama wote. Akiibwa hapa, mtu wa Meatu anamtambua kwa picha. Tunasajili zizi zima, kila ng'ombe na picha yake."

"Mke wangu mwenyewe hajui ng'ombe wangu wote walipo. Wewe unataka Meatu nzima ijue."

Lusajo akacheka peke yake.

Kwetu zizi moja hulala ng'ombe wa watu wengi, na haiulizwi yupi ni wa nani. Humo mlikuwa na mitamba wawili wa shangazi Milembe. Alipofiwa na mume, shemeji yake Salvatory aliswaga ng'ombe wote wa marehemu, akabaki anawasaka hao wawili. Hao ndio ada ya shule ya wana wa shangazi. Nilikuwa nimemwahidi shangazi kwamba hawatajulikana kupitia kwangu.

"Nionyeshe wanachama," nikasema.

Lusajo akatelezesha kidole kwenye kioo. Salvatory alikuwemo, anatabasamu mbele ya ng'ombe niliowajua.

"Tukiwaacha wawili nje?"

"Wawili gani?" Macho yake yaliruka zizini haraka mno. Baba akakohoa.

"Ni mfano tu."

"Mfumo haupokei nusu zizi. Na wakala anaanza na kwao." Akainua simu. "Ngoja nipige picha moja ya jumla, mkiwa mnafikiri."

Nikasimama mbele ya kamera. Nyuma yangu mtamba mwenye baka jeupe jichoni alikuwa anacheua.

"Usipige, kaka Lusajo."

"Dada, kazi hii itapata mtu leo leo."

"Najua."

Aliikunja mikanda taratibu, labda akinipa nafasi. Pikipiki ikapotea. Baba alikwenda kukata miiba ya kuziba upande wa zizi walikotolewa maksai, akarudi na panga la pili.

"Shika, wakala," akasema.

Nikashika, tukaanza kuziba.