Karatusi za Baba Gamaliel

Mutu anipe sababu moja tu: mwenye akili anapanda karatusi mu shamba ya jirani kwa nini? Karatusi! Muti yenye kunywa maji mpaka maharagi ya pembeni inakauka na maua yake!

Gamaliel alipandaka zake wakati wa vita. Basoda balipoingia kwetu Vuhovi, miye na batoto tulikimbilia Butembo, tukalala kwa dada yangu, mu mutaa wa Mususa. Gamaliel yeye alibaki mu kijiji. Tuliporudi kisha miaka mbili, nikakuta ile miti mifupi ya mupaka, yenye marehemu bwana yangu alipandaka, imeng'olewa yote. Na ndani ya shamba yangu, ndani kabisa, safu ya karatusi, tayari inapita paa ya nyumba.

"Baba Gamaliel, hii ni nini?"

"Ni ya kukulindia shamba, Mama Kavugho. Upepo ni mukali huku."

Upepo! Shemasi muzima wa kanisa! Kwetu hata mutoto anajua: mwenye kulima kwa ruhusa anapanda maharagi, anapanda viazi, lakini muti, hapana. Muti ni ya mwenye udongo. Donc, basi, ile miti ilikuwa inamushuhudia Gamaliel kama udongo ni yake. Na miye sina shamba ingine. Hii ikienda, batoto yangu banakula nini? Majani?

Nikaenda kwa chef wa kijiji, muzee Siméon. Akaita batu. Gamaliel akasimama na Biblia mu kwapa: "Nani hakuniona nikipanda?" Na kweli, bote balimuona. Siméon akakuna kichwa, akasema atakata maneno siku ya soko. Nilirudi nyumbani nikilia. Si huzuni, ni hasira!

Mbele ya siku ya soko kufika, basoda bakatokea. Balitaka miti ya kujenga kambi yao. Commandant akatukusanya bote mbele ya zile karatusi.

"Mwenye hii miti ni nani? Akate, abebe mpaka kambini. Leo leo."

Kambi iko juu ya mulima, na benye balibebaka mizigo mpaka kule balirudi na alama za fimbo. Nikamuangalia Gamaliel. Gamaliel akaangalia viatu vyake.

"Ni ya huyu mama," akasema. "Iko mu shamba yake. Muulize chef."

Eh Mungu wangu! Damu ilinipanda kichwani. Nilifungua kinywa nimuite muongo mbele ya bote. Lakini nikaona namna Siméon alikuwa ananiangalia, na kijiji kizima nyuma yake, masikio wazi. Nikameza ile neno.

"Ndiyo, commandant," nikasema. "Miti ni yangu. Na shamba ni yangu."

Nikakata, nikabeba. Mpaka jua inaingia nilikuwa ninapanda mulima na kushuka, bega ikachubuka, fimbo nayo nilikula. Bamama bengine balinisaidia. Gamaliel alijifungia kwake.

Siku ya soko ikafika, naye huyo kwa Siméon, sauti ya asali: "Chef, ile siku ni woga tu ilisema. Unajua mambo ya basoda."

Sikungoja chef ajibu. Nikashusha kitenge, nikabaonyesha kidonda.

"Kama miti ni yako, Baba Gamaliel, onyesha bega yako nayo."

Hakuonyesha. Kesho yake nilipanda maharagi mu shamba yote, mpaka katikati ya visiki.