Mlezi wa Miaka Kumi

Tangu shule zifungwe, Nguzo hakuwa na wimbo mwingine ila Jitu. Jitu lenyewe lilikuwa kwenye makumbusho ya watoto, limelala chali katikati ya ukumbi, kubwa kama nyumba, mdomo wazi. Mtoto anaingia kinywani, anateleza kooni, anabiringika tumboni kwenye mito laini, anapotelea kwenye utumbo wenye giza, halafu anatokea kule kule kinakotokea chakula. Darasa zima lilishapita huko na kurudi na maneno. Aliyebaki ni yeye tu.

Nguzo ni jina alilopewa na majirani. Alikuwa na miaka kumi na kimo cha mwanamke mzima, afanyeje? Mama yake, msusi, alilipenda jina hilo kwa sababu zake. "Huyu ndiye nguzo ya nyumba yangu," aliwaambia wateja huku vidole vikikimbia kichwani, na nguzo yenyewe iko nyuma ya pazia inamfuta kamasi mdogo wake Kibonge, inamlisha, inambembeleza alale. Likizo nzima mgongo wake haukukauka mate ya Kibonge. Siku moja kijana mwenye ndevu alimkuta njiani na mtoto mgongoni akamwamkia shikamoo. Shikamoo! Mtoto wa darasa la nne!

Basi aliomba, akaomba, akanuna, mpaka mama akafunga saluni, wakaenda wote watatu.

Mlangoni kulikuwa na mhudumu wa fulana ya kijani, filimbi shingoni, na mstari mwekundu ukutani. Ukiwa chini ya mstari wewe ni mtoto, unafungwa bangili ya karatasi, ingia ucheze. Ukiupita wewe ni mkubwa, unavishwa shingoni beji iliyoandikwa MLEZI, na kazi yako ni kuangalia wenzio wakicheza.

"Kunja magoti," mama akanong'ona.

Nguzo akakunja magoti ndani ya gauni. Mhudumu akacheka. "Dada, simama vizuri bwana, usinichoshe."

Foleni nzima ikacheka. Nguzo akanyooka, na mstari ukamfika kidevuni.

"Ana miaka kumi huyu," mama akasema.

"Wakifika hapa wote wana miaka kumi, mama. Mimi nafuata mstari." Akamvika beji.

Sasa, mama huyu mtaa mzima unamjua kwa mdomo. Angeweza kumwasha mhudumu yule mpaka akatafuta pa kujificha. Lakini aliiona beji, akaliona benchi tupu pembeni, akaitazama miguu yake iliyovimba kwa kusimama kutwa. "Si neno, mwanangu," akasema. "Wewe muangalie mdogo wako, mimi nipumzike kidogo."

Hapo ndipo Nguzo alipoumia. Ya mhudumu yalikuwa maneno ya mtu baki, yangepita. Haya yalitoka kwa mama.

Akamshika Kibonge mkono wakaenda mpaka kwenye Jitu. Kibonge kuona yale meno akaanza kulia. "Nibebe!" Akambeba. Watoto wakampita kushoto na kulia wakipiga kelele, wanajitupa mdomoni, na yeye amesimama tu kama mwenye nyumba anayepokea wageni. Hakutaka kulia mbele ya watu.

Mara akatokea mwanamke mmoja, simu sikioni, akaiona beji. "Ah, dada mlezi, nishikie na huyu, nakuja sasa hivi." Akamsukumia mtoto mwingine mkono wa pili, huyoo, akaenda zake!

Nguzo akamtazama wa kushoto, akamtazama wa kulia. Wote wawili walikuwa wanalia. Hasira ikampanda. Alikwenda mbio mpaka kwenye benchi, akawabwaga wote wawili mapajani kwa mama, akaivua ile beji na kumtundikia mama shingoni.

"Mlezi ni wewe," akasema. "Mimi ni mtoto wako, si mwenzio."

"We! Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mama yangu!"

Akageuka, akatimua mbio, akajitosa mdomoni kwa Jitu.

Filimbi ikalia. "Dada! Wewe dada! Toka humo!"

"Mimi si dada!" sauti ikajibu kutoka kooni. "Na sitoki!"

Mama alikuwa ameshafika, watoto wawili kwapani, anatweta. Mhudumu akadhani amepata msaada. "Mama, mwambie atoke, kapita mstari."

"Usimpulizie mwanangu filimbi." Mdomo ulikuwa umerudi. "Huo mstari kauchora fundi rangi. Huyu nimemzaa mimi, na najua nimemzaa lini. Filimbi kapulizie gari!"

"Lakini mama, taratibu..."

"Nimesema anacheza! Unataka mlezi wake? Huyu hapa, nimevaa beji, sema na mimi!"

Mwenye simu akaja mbio akimdai mtoto wake. Mama akampa pamoja na maneno ya kwenda kuyafikiria nyumbani. Mhudumu akaona leo si siku yake, akaiachia filimbi ikaning'inia.

Huku nyuma ya Jitu zikatokea nyayo mbili ndefu, kisha magoti, kisha Nguzo mzima, gauni limejikunja, nywele alizosukwa asubuhi zimefumuka zote. "Haja kubwa!" mtoto mmoja akapaza sauti. "Jitu limepata haja kubwa!" Watoto wakaanguka kwa kicheko, na Nguzo akacheka nao mpaka akakaa chini, mpaka yale machozi aliyoyazuia yakatoka.

Mama akachuchumaa mbele yake. Nguzo akajiandaa kugombezwa, na alikuwa ameshaamua kwamba hataomba msamaha.

"Narudi tena," akasema kabla hajaulizwa. "Narudi mpaka wafunge."

"Rudi." Mama alimfuta uso kwa kiganja, taratibu, kama anavyomfuta Kibonge. Kwa muda mrefu hakuwa amemgusa hivyo. "Na mtu yeyote akikusumbua, lia. Usivumilie, mwanangu. Wewe lia tu kwa nguvu, mimi nitakuja."