Mkanda wa Kompresa

Kioo cha mbele kilijaa ukungu tukiwa kwenye kona za kuelekea Nyamira, na saa nane tulikuwa tunangojewa kuzungumzia mahari ya mwanangu Duke.

Kosa lilikuwa langu. Kompresa ya AC huzungushwa na injini kwa mkanda. Ukiwasha AC, injini inabeba mzigo zaidi na mafuta yanaisha haraka. Onsongo, fundi wangu wa Suneka, aliniambia nizime swichi tu. Ikizimwa, puli, lile gurudumu la mkanda, inazunguka bure, kompresa inapumzika. Lakini mke wangu Esnah huiwasha kila akiingia, hata asubuhi ya baridi. Nikamwambia Onsongo atoe mkanda.

"Na mvua je?"

"Mvua iko nje. AC iko ndani."

Akacheka, akautoa.

Sikujua kwamba AC hukausha hewa ya ndani. Siku hiyo mvua ilishuka, tukafunga vioo, tukapumua watu wanne, Duke akiwa nyuma na shangazi yake. Nilibonyeza kitufe cha AC. Taa iliwaka, basi.

"Fungueni kioo," Esnah akasema.

"Nimesukwa jana," dada yangu Bosibori akajibu kutoka nyuma. "Baba Duke afungue chake."

Nikafungua, nikaendesha kichwa kikiwa nje. Mvua ikanipiga machoni. Tukaingia mtaroni kando ya shamba la chai, polepole, bila kelele.

Wachumaji sita waliokuwa wamejikinga mvua walitusukuma tukatoka, bampa ikiwa imepasuka. Tulifika saa kumi.

Mzee Nyamongo, baba ya msichana, alisimama mlangoni. "Karibuni, wakwe. Mlipitia Mombasa?"

Faini ya kuchelewa ipo, ningelipa yaishe. Lakini Bosibori akafungua mdomo.

"Ni huyu kaka yangu. Alitoa mkanda wa AC ili mke wake asiiwashe."

Mzee Nyamongo akanitazama kuanzia viatu vyenye matope. "Kwa hivyo binti yetu anaenda kwa watu wanaong'oa vitu ili wanawake wasivitumie."

"Ni mafuta tu, mzee."

"Leo mafuta. Kesho sukari."

Tukaketi ndani, yeye na wazee wake wakatoka kushauriana. Duke alitazama ukuta. Hakuniangalia hata mara moja. Nilijua wakikataa, hatanisemesha tena, na singemlaumu.

Walirudi baada ya nusu saa. Wamekubali, ila wanataka kitu cha kuwapa imani.

Hesabu ya mkanda: wachumaji, shilingi mia sita. Bampa, elfu saba. Faini, elfu tano. Ng'ombe wa imani, mmoja juu ya wale tisa tulioenda kuwaahidi.