Kikapu cha Mama

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba nilimuua dada yangu Nelvine siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye shamba la chai karibu na Litein.

Jeshi lilikuwa likiwaandaa askari wanaokwenda kulinda amani ng'ambo, Nelvine akiwa mmoja wao, likahitaji kijiji cha kufanyia mazoezi. Likatupata sisi. Sajini Gekara alinikabidhi bomu la mazoezi, kisanduku kisicho na baruti kinacholia king'ora kikitikiswa, akaniambia nilifiche. Alichagua vizuri. Nimeficha simu bwenini miaka mitatu na hakuna mwalimu wa zamu aliyeiona.

Nilikuwa na mpango. Nelvine akifeli, hatapanda ndege Jumatatu, na mimi nitaacha kumwona ndotoni akiwa amefunikwa bendera.

Nikamwaga majani ya chai njiani, nikalaza kikapu ubavu, bomu chini yake. Mtoto wa mkulima hapiti majani yakiungua juani bila kuyaokota. Mama alitufunza hivyo kwa mdomo na kwa fimbo.

Nelvine akaja mbele ya wenzake, bunduki tayari. Akaona kikapu. Akainama kukiinua.

King'ora kikalia.

"Umekufa, koplo," Sajini akasema. "Lala."

Akalala kati ya mistari ya chai. Wakamwekea kadi nyekundu kifuani. Mama alikuwa ameagizwa aomboleze kama mfiwa. Aliketi tu chini, akamshika Nelvine kiatu.

"Afande, kwa hivyo amefeli?" nikauliza. "Haendi?"

"Nani amekwambia? Kufa hapa ni ruhusa. Saa nane anarudia. Jumatatu anaenda."

Maiti ikafungua jicho moja. "Weldon, ni wewe uliiweka?"

"Ni mimi."

"Nikiamka nitakunyonga."

"Wafu hawaongei," Sajini akasema.

Sajini akanipa bomu la pili nilifiche. Ningeweza kumnong'oneza Nelvine mahali pake. Lakini huko ng'ambo nani atamnong'oneza? Nikamwendea Mama, nikamwomba kikapu chake. Akakishusha mgongoni kikiwa kimejaa, akayamwaga majani yeye mwenyewe.

"Ficha vizuri," akasema. "Kama ile simu yako."

Kumbe alijua.

Saa nane Nelvine akarudi. Kikapu alikitambua, kina kiraka kilichokatwa kwenye suruali yangu ya shule. Mkono wake ukanyooka. Nikauma ulimi. Vidole vikasimama shubiri moja juu ya majani, vikarudi. Akainua ngumi, kikosi kizima kikasimama, akawazungusha wenzake mbali na kikapu.

Majani yalibaki juani mpaka yakawa meusi. Mama aliyatazama bila kuyagusa. Jumatatu ilikuwa bado inakuja.